Mama Mkwe wa Wadi Kabir

Evodia alikwisha kufa mara saba kabla mwajiri wake hajajua kwamba ni mwigizaji. Mara ya kwanza alikufa kwa sumu, ya pili kwa nyoka, na zilizofuata kwa mambo aliyoyabuni Desderius, fundi magari wa Wadi Kabir, mtaa wa Maskati, asubuhi ileile ya kupiga picha. Desderius ndiye aliyekuwa mwongozaji. Filamu zake zilipigwa kwa simu siku za Ijumaa, ndani ya gereji iliyofungwa, na gari lolote ambalo mwenyewe hajalifuata lilipewa nafasi katika hadithi. Mhusika mkuu alikuwa Joy, Mkenya mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Evodia, mtumishi wa nyumbani kutoka Bukoba, kazi yake ilikuwa kufa. Hakunung'unika. Wiki nzima alipiga pasi huku midomo ikimchezacheza, akijizoeza maneno yake mawili matatu.

Aliyeifichua siri ni Shatha. Aliona moja ya filamu hizo kwenye simu, akamwonyesha bibi yake, Bibi Masouda, mwajiri wa Evodia. Evodia akaitwa sebuleni. Alikwenda akijua kibarua kimeota nyasi.

Bibi Masouda, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Maskati akiwa msichana, alikuwa ameileta simu karibu na pua.

"Nnakuuliza, mwanangu," alisema, "mbona unakufa haraka hivi? Mtu katiliwa sumu na mumewe, hana hata la kumwambia?"

Bibi akamwambia akae, akamdadisi yote tangu mwanzo. Mwishowe akauliza kama pana nafasi ya mama mkwe, maana yule waliyemweka hatishi hata paka.

Desderius alipopigiwa simu alidhani anataniwa. Hata hivyo Ijumaa alifika nyumbani kwa Bibi, pamoja na Truphena, muuguzi aliyekuwa akiwaandikia hadithi. Joy alikosa ruhusa kazini, na Desderius akataka kuahirisha. Bibi Masouda, aliyekwisha kujipaka wanja na kuvaa dhahabu zake zote, alikataa katakata. Mke awe Evodia, alisema, au simu irudi mfukoni.

Katika hadithi, mama mkwe anamtupia mke sanduku, mke analia, anaondoka. Lakini Bibi Masouda aliyaacha maneno ya Truphena, akaanza yake. Alimsimanga Evodia kwa ukoo wake, kwa mkono wake wa upishi, kwa tumbo lisilozaa. Evodia hakulia. Aliliinua sanduku, akalirudisha palepale lilipotoka.

"Mlango naujua, mama," alisema taratibu. "Lakini sitoki."

Desderius alisahau kusimamisha upigaji picha. Bibi Masouda alimtazama Evodia, kisha akaketi kama mtu aliyeshindwa kweli. Picha ilipokwisha, Truphena alikuwa akilia, na Evodia akicheka kwa furaha.

Wiki mbili baadaye filamu ilionyeshwa gerejini, juu ya shuka jeupe. Watu walijaa hadi juu ya matairi. Evodia alijificha nyuma, akihofia zaidi uso wa Joy, ambaye nafasi yake aliichukua. Yale maneno yalipofika, aliyesimama wa kwanza kupiga makofi alikuwa Joy mwenyewe. Wakataka irudishwe, ikarudishwa mara tatu. Bibi Masouda alitazama akiwa kwenye gari la Shatha mlangoni, na wanawake walipita kumwamkia kwa woga wa kweli.

Desderius alimfuata Evodia akihema, akamuuliza filamu ijayo anataka kuwa nani.

"Dereva wa lori," alijibu papo hapo, "na Joy awe utingo wangu."

Hakuwahi kushika usukani maishani. Ijumaa iliyofuata, uani pa gereji, alikuwa ameketi nyuma ya usukani wa lori bovu, Joy kando yake, wote wawili wakibishana ni nani apige honi.