Kilango cha Jichoni

Waliosema subira huvuta heri hawakuwahi kugandisha sumaku ndogo kuliko punje ya chumvi juu ya kibati chembamba kuliko unywele. Mhandisi wetu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka saba, na siku hiyo alikuwa hoi bin taabani, shingo imekakamaa, macho mekundu kwa kuchungulia hadubini.

Kibano cha chuma hakifai, maana sumaku hukirukia na kung'ang'ania kama kupe. Alitumia kijiti cha kuchokolea meno alichokichonga mwenyewe kwa wembe. Chafya ilikuwa marufuku. Mwaka jana chafya moja ilipeperusha kazi ya miezi mitatu, na mpaka leo haijulikani iliangukia wapi. Labda ilitoka na kiatu cha mfagizi.

Chombo chenyewe kilikuwa kilango cha kupandikizwa ndani ya jicho. Maji yakizidi humo, koili ya waya iliyo kwenye fremu ya miwani inapitishiwa umeme, inavuta sumaku, kibati kinanyanyuka, maji yanatoka na presha inashuka. Kusema ni rahisi. Akiongeza umeme, koili inachemka kiasi cha kumuunguza mtu kope. Akipunguza, kibati kinalala tu kama mvivu asubuhi ya Jumatatu.

Wala hakuwa akihangaika bure. Kaka yake mkubwa, fundi cherehani, alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kuzima. La kulia, dawa na upasuaji vilishindwa, na daktari alisema limebakiza mwaka mmoja na nusu tu wa kuona. Kila Jumapili kaka, akimtania kwa udogo wa vitu anavyovishughulikia, aliuliza, "Fundi Vumbi, kilango chako kimefikia wapi?" Naye kila Jumapili alijibu, "Bado kidogo, kaka." Jibu hilo lilimchosha kuliko hadubini.

Siku hiyo, saa tisa alasiri, baada ya kupunguza unene wa springi zinazoshika kibati, kikanyanyuka. Kikashuka. Kikanyanyuka tena, mara elfu kumi, na koili ikabaki vuguvugu. Akamwita mkuu wa maabara.

"Hongera," mkuu akasema, jicho likiwa bado kwenye hadubini. "Sasa tujaribu kwa wanyama, halafu vibali, halafu wagonjwa wachache. Miaka sita, tukijaliwa."

"Sita," mhandisi akarudia.

"Ulidhani mingapi?"

Hakudhani. Alijua tangu mwanzo, ila alikuwa hataki kuhesabu.

Hakungoja Jumapili. Njiani alikata shauri: akishamwambia kaka ukweli, ataacha kazi. Kilango kisingemuwahi tena yule aliyekuwa akimhangaikia, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

Alimkuta kaka kwenye duka lake la ushonaji, anatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Akavuta stuli, akapiga moyo konde.

"Kaka, leo kimefanya kazi. Lakini wewe hakitakuwahi. Kinataka miaka sita mingine. Hiyo 'bado kidogo' yangu ilikuwa uongo."

Kaka akaendelea kutafuta tundu la sindano. "Najua. Daktari aliniambia mwaka juzi. Nilimuuliza vitu hivi huchukua muda gani."

"Sasa kila Jumapili ulikuwa unauliza nini?"

Uzi ukapita. Kaka akafunga fundo, akaweka sindano mezani taratibu.

"Binti yangu. Walimpima pamoja nami. Presha imeanza kupanda kwenye macho yote mawili. Wifi yako nimemficha, na mtoto mwenyewe anadhani ni mambo ya miwani tu." Akageuza lile jicho lililobaki kumtafuta dada yake. "Kwa miaka sita, kilango kitamuwahi?"

Hasira ilimpanda, kisha huruma, kisha uchovu ukazifunika zote mbili. Alitamani kulala mwaka mzima, asiulizwe na mtu.

Akatoa kalamu kwenye mkoba. "Vipimo vyake vinasomaje?" akauliza.