Hawakutaja Jina

Waziri alisema hakutaja jina la mtu, na katika hilo hakudanganya. Naanza na hapo ili asije mtu akasema namsingizia. Gazeti liliandika kwamba habari za mpakani zilizosomwa bungeni ni porojo za mchuuzi mmoja wa vitambaa, mke wa fundi makochi wa nyuma ya uwanja wa zamani wa mpira, ambaye idara ya usalama imekuwa ikimtumia kama jicho lake ng'ambo. Jina halikuwemo. Wakubwa wakajipangusa mikono wakauliza, sisi tumemtaja nani?

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini mtaa wangu naujua. Kwetu jina la mtu hukaa kwenye kitambulisho, na kitambulisho hukaa chini ya godoro. Mtaani kuna Mama Mkaa, kuna Baba Pacha, kuna Fundi Saa, na alikuwako mke wa fundi makochi. Fundi Saa ni jirani yangu tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na jina alilopewa na baba yake mpaka leo silijui. Mke wangu hata ng'ambo alijitambulisha hivyo hivyo katika kila soko aliloingia. Mimi ni mke wa fundi makochi, nionyeshe kitambaa kigumu kisichochuja. Wangeandika jina lake la kitambulisho, na la babu yake juu, hakuna ambaye angegeuza shingo. Walificha lile asilolijua mtu, wakatoa lile analoitwa na kila mtu. Mtu anayeitiwa chai kwa kengele atajuaje mtaa unavyoita watu wake?

Kazi yake sikuijua. Watu hawaniamini, na sababu ya kutoniamini nitaieleza. Nilichojua ni kwamba alikuwa akivuka mpaka kununua vitambaa, na mara nyingine alikaa huko siku nyingi kwa ajili ya jora moja ambalo mtu mwingine angelinunua kabla ya chai kupoa. Akirudi alikuwa amevimba miguu na hana maneno. Kusema kweli nilidhani ana mwanamume. Nilinyamaza kwa kuwa nyumbani hakuna kilichopungua, na kicheko chake alikuwa bado anakichekea kwangu. Siku moja nilimuuliza. Alikuwa ameshikilia upande wa kochi mimi napigilia kitambaa.

"Mume wangu," akasema, "mteja akikalia kochi lako, anaona misumari ya ndani?"

Nikasema haoni.

"Basi na wewe kalia tu."

Nikakalia. Ndoa nyingi zimesimama kwa chini ya hapo.

Sasa yule waziri alikuwa amewaambia wabunge kwamba majirani zetu wanakusanya majeshi mpakani, kwa hiyo aruhusiwe kununua magari ya vita. Mke wangu alikuwa amepita huko huko. Alichokiona, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, ni mbuzi, na zahanati iliyojengwa ikaachwa bila paa. Akapeleka neno lake ofisini. Neno likapanda ngazi, likavuja katika ufa gani sijui, likasomwa bungeni na wapinzani, na waziri akachekwa mpaka na walinzi wa mlangoni. Mkubwa akichekwa hutafuta pa kutemea mate. Akatutemea sisi, kwa mdomo wa gazeti.

Gazeti lililetwa na Fundi Saa. Aliingia karakana bila hodi, akakaa juu ya marobota ya sponji, akaniwekea gazeti gotini kwa upande ule wa habari. Nilisoma polepole kama ninavyosoma. Yeye alikuwa anatazama chini. Mke wangu alikuwa ng'ambo tangu juzi yake. Nikapiga simu, ikaita, ikaita, ikakatika, na nilipopiga tena haikupatikana.

Redio ya huko ikatangaza kwamba amekamatwa jasusi. Baadaye ikatangaza kwamba jasusi aliugua ghafla akiwa mahabusu na amefariki, na kwamba nchi inayomtambua kuwa ni mtu wake ije imchukue. Yangu macho kuhusu ugonjwa wa ghafla. Msemaji wa serikali yetu akajibu siku hiyo hiyo, amefunga tai, kwamba mwanamke huyo hatumfahamu.

Basi mke wangu akalala kwenye jokofu la hospitali ya watu, amekataliwa na waliomtuma. Nilikwenda mpakani. Ofisa wa upande ule hakuwa na ubaya, alinipa hata kiti. Alisema mume hapewi, haya mambo ni ya serikali kwa serikali, lete barua ya wakubwa wako. Nikarudi kwa wakubwa wangu. Kila mlango nilioubisha, aliyetoka alikuwa mtu wa kunieleza kwamba mwenye mlango hayupo.

Mama mkwe alikuja na begi lake akahamia kwangu. Ni mama mmoja mfupi, mkali wa ulimi, ambaye tangu siku ya posa alikuwa akisema binti yake angeweza kupata mwalimu. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa karakana akaniuliza, baba, tumefika wapi? Na kila asubuhi nikamjibu kwamba bado. Nilipoanza kumweleza kuhusu tume ya bunge, kwamba imeundwa kumtafuta aliyemtoa mwanawe gazetini na kwamba safari hii waziri atakiona cha moto, alinikatisha.

"Haki wataitafuta wenye miaka mbele yao," alisema. "Mimi nataka mwanangu nimweke chini. Ukiweza kuniletea hilo, baba, nitakusamehe hata kutokuwa mwalimu."

Kwa hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani.

Msaidizi wa waziri alikuja mchana, jua kali, na gari ameliacha mbali. Kijana, shati jeupe, mikono laini kama ya mtoto mchanga. Aliniita mzee wangu. Alisifia kochi nililokuwa nalivua ngozi, akasema watu hawajui tena kutengeneza vitu. Nikamwambia aangalie misumari asije akachana suruali. Akacheka, akakaa kwa kujihadhari, akaingia kwenye lake.

Alisema anaelewa uchungu wangu. Alisema serikali ingependa kumtambua marehemu, kumpa heshima zake, kumwomba arudishwe, na barua ipo tayari. Tatizo ni moja. Siku tutakayosema ni mtu wetu, watu watauliza ni nani aliyemtaja. Swali hilo likikosa jibu, nchi itayumba. Lakini likiwa na jibu dogo, jibu la kibinadamu tu, yote yataisha vizuri.

Nikamuuliza jibu dogo ni lipi.

"Ni wewe, mzee wangu. Mume anampenda mkewe, anajivunia, anaropoka kwa kinyozi, mwandishi anasikia. Nani atamfunga mume kwa kujivunia mkewe?"

"Mimi sikujua anafanya kazi gani."

"Hilo unalijua wewe." Akainuka, akajikung'uta nyuzi. "Tume inakuita wiki ijayo. Sisi barua tutaituma ukishatoka."

Akanipa mkono. Nami niliupokea, maana ndivyo tulivyolelewa.

Nilimwambia mama mkwe neno kwa neno. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Nilimwambia kwamba nikisema hivyo, mtaa mzima utajua kuwa mdomo wangu ndio uliomuua, na waliomuua kweli watakwenda kula chakula cha mchana. Kisha akasema kwamba yeye hawezi kuniomba jambo kama hilo, si mamangu. Akatupa kijiwe uani. Lakini aliponiangalia nikajua tayari ameomba.

Chumba cha tume kilikuwa na zulia na baridi ya mashine. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, begi mapajani. Waandishi walijaa. Mwenyekiti aliniuliza kama ni kweli niliwahi kuzungumza kuhusu kazi ya mke wangu mbele za watu. Nikasema ni kweli. Wapi? Kwa kinyozi. Kwa nini? Nikasema kwa sifa tu, mheshimiwa, mtu akiwa na mke hodari. Kamera zikalia kama nzige. Mwenyekiti akaandika kidogo, akafunga kalamu yake kama mtu aliyemaliza kula.

Hapo ndipo mbunge mmoja mama, yule yule wa upinzani aliyesoma habari za mbuzi bungeni, aliomba nafasi. Niliogopa. Mtu akikupangia uongo hupanga mlango wa mbele tu.

"Baba, pole kwa msiba," akasema. "Ulipokuwa kwa kinyozi ulisema maneno gani hasa?"

Nikasema nilisema kwamba mke wangu anafanya kazi ya serikali huko ng'ambo.

"Ulisema 'mke wangu'?"

"Ndiyo."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Watu. Kila mtu."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Akalichukua gazeti mezani, akasema kwamba kuna jambo linamtatiza, kwa sababu mume anayejisifia mkewe hamwiti mke wa fundi makochi, na wala haelezi kwamba nyumba yake iko nyuma ya uwanja, wakati wanaomsikiliza ni majirani zake. Maneno haya, alisema, yanaonekana ni ya mtu anayeutazama mtaa huu kutoka mbali. Kule nyuma msaidizi wa waziri alikuwa amesimama karibu na mlango, na mikono yake laini ilikuwa imeshikana.

"Baba," mbunge akaendelea, "mkeo alikwambia lini kuhusu kazi yake?"

Ningesema ukweli palepale. Niliuhisi umefika kooni, mtamu kabisa, na nilitaka kumwona yule kijana anavyobadilika rangi. Badala yake nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameinamisha kichwa, na vidole vyake vimeuma kamba za begi kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani hospitali. Ndani ya begi lile mlikuwa na nguo ya kumvalisha mwanawe. Alikuwa akitembea nayo kila mahali.

Yule mbunge alifuata macho yangu. Akamwona mama. Akatazama begi, akanitazama mimi, akakaa hivyo mpaka mwenyekiti akakohoa.

"Sina swali jingine," akasema, na akalikunja gazeti.

Wapo wanaosema alinunuliwa. Si kweli. Ni mtu pekee mle ndani aliyefanya jambo kwa hasara yake.

Barua ilitumwa, kama walivyoahidi. Hilo nalo linaniuma, kwamba walikuwa wanaweza siku zote. Sanduku likaja na gari la serikali na bendera juu yake. Mama mkwe akataka lifunguliwe. Ofisa akasema utaratibu hauruhusu. Mama akamwambia utaratibu umwendee mama yake yeye, na huyu ni mwanangu, fungua. Wakafungua. Akamtazama tangu utosini hadi miguuni, miguu ile ile ya kuvimba, akamvalisha nguo yake, akasema sasa funga. Sitaandika tulichokiona mwilini. Ugonjwa wa ghafla hauachi alama zile.

Waziri hakuja. Alituma shada kubwa kuliko kaburi, na msaidizi akasoma hotuba kuhusu shujaa wetu na kuhusu umuhimu wa wananchi kuchunga ndimi zao. Watu wakanigeukia. Niliangalia udongo. Baada ya hapo Mama Mkaa aliacha kunisalimia, na kinyozi, masikini, alifunga duka kwa muda kwa sababu watu waliogopa kunyolewa kwake. Fundi Saa peke yake aliendelea kuja kukaa juu ya sponji. Hakuuliza kitu. Nadhani alijua, maana kwa kinyozi tulikuwa tukienda pamoja, na mwenye maneno alikuwa yeye.

Waziri amehamishiwa wizara nyingine, yenye jengo refu zaidi. Magari ya vita yalinunuliwa.

Mama mkwe hakurudi kwao tena. Aliishi kwangu, akinisema kuhusu chumvi na kuhusu vumbi la sponji, na kila wiki tulikwenda kupalilia. Mwezi uliopita tumemzika kando ya mwanawe. Siku zake za mwisho aliniambia kwamba amekaa na deni langu rohoni na hana namna ya kulilipa, ila nikitaka kusema ukweli wangu nisingoje ruhusa ya mtu, yeye atakuwa ameshafika. Nikamwambia alale.

Sasa nimesema. Sikuropoka kwa kinyozi wala popote, kwa sababu sikuwa na cha kuropoka. Mke wangu alitolewa na ofisi ya waziri, kwa hasira za mtu aliyechekwa, na jina lake la mtaani walilitaja bila kujua kwamba ndilo jina. Wakitaka waniite tena kwenye chumba chao cha baridi. Yupo chini tayari, mama yake yuko ubavuni mwake, na wao hawana tena kitu changu mikononi mwao.