Mkono wa Chloé Katika Behewa la Sala

Katika behewa la tatu la treni ya kawaida, hakuna anayejiombea mwenyewe. Hiyo ni sheria ya mfundisi Mabaso, mchungaji na mpaka rangi wa magari anayehubiri humo kila asubuhi watu wakienda kazini. Unamshika jirani yako mkono, anakunong'oneza haja yake, nawe unaipeleka kwa Mungu. Yako anaibeba yeye. Kisha behewa zima linaomba kwa pamoja, viganja vikipiga ukuta wa bati, hata mtu hasikii anachosema mwenzake.

Clémentine, mshonaji aliyefanya kazi Jeppestown, alikuwa ameushika mkono wa Chloé karibu miaka miwili. Wote wawili walikuwa wahamiaji kutoka Lubumbashi, na wote walipandia kituo cha Rhodesfield. Chloé alitaka kazi ya mapokezi huko Sandton, kwenye ofisi za matajiri. Clémentine alitaka chumba chake mwenyewe mtaa wa Yeoville, chenye cherehani mbili na jina lake juu ya mlango, aachane na kushona mashati kwa faida ya mtu mwingine. Alifunga kwa ajili ya Chloé. Alilia kwa ajili ya Chloé, mpaka sauti ikamkauka.

Chloé akapata kazi.

Rhodesfield ni kituo kimoja chenye treni mbili. Ya kawaida hupita chini. Ile ya rangi ya dhahabu, iendayo kasi na yenye nauli kubwa, hupita juu, kwenye daraja la zege. Tangu mwanzo wa mwaka 2017 Clémentine alikuwa akisimama chini na kumtazama Chloé akipandishwa na ngazi za umeme, koti lake jeusi limenyooka, mgongo umenyooka. Chloé alimpungia mkono. Clémentine naye alipunga, halafu akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Wivu ulimfuata hadi ndani ya behewa. Alishika mkono wa jirani mpya, mama mmoja mwenye spaza, kiduka cha mtaani, lakini moyo ulikuwa juu darajani. Bwana, nilibisha mimi, ukamfungulia yeye. Alijua si sala hiyo, akatubu, na kesho yake akaisema tena. Kisha likamjia swali ambalo halikumtoka. Mimi nilimwombea, akapata. Yeye je, aliniombea kweli?

Asubuhi moja ya baridi mwezi wa Julai, Chloé alishuka kwenye jukwaa la chini.

"Jambo, yaya," akasema, kama kwao Lubumbashi wanavyomwita dada mkubwa.

"Jambo, malkia. Umepotea njia? Huku ni kwetu sisi wapiga bati."

Chloé alicheka, kisha akanyoosha mkono. "Mkataba wangu umekwisha. Leo wanaamua kama ninabaki. Naomba mkono wako, yaya. Kule juu hakuna anayeomba. Hata kutafuna chingamu ni marufuku."

Clémentine aliutazama ule mkono, na kucha zilizopakwa rangi vizuri. Aliona kana kwamba kila ukucha umetoka katika mfungo wake. Na wazo likamjia, laini kabisa, hata likamtisha: nyamaza tu, na wiki ijayo atakuwa amerudi chini pamoja nawe.

"Siwezi," akasema. "Nina wivu na wewe, Chloé. Nikifungua kinywa sasa nitakulaani. Kwanza niambie ukweli. Kile chumba changu, ulikiombea?"

Chloé aligeukia reli.

"Naongea na wewe."

"Nilikiombea. Ila nilisema, Bwana, mpe yaya chumba, lakini usimpe sasa."

"Nini?"

"Ungehamia Yeoville! Ungekuwa unakwenda kazini kwa miguu. Mimi ningebaki na nani kwenye treni? Nikamwambia Mungu angoje kidogo, mpaka nipate yangu."

"Na ulipopata?"

"Eish, yaya." Chloé alishusha sauti. "Nilisahau kumwambia kwamba sasa anaweza."

Nyuma yao Pitchou, mlinzi wa ghala kutoka Goma na muumini wa behewa la sala, aliangua kicheko. "Mama wee! Kumbe dada wa watu amewekewa breki!"

Clémentine hakucheka. Mkono ulimwasha, akataka kupiga kofi. Juu darajani treni ya dhahabu ilikuwa inaingia kwa mvumo wake mwembamba, na Chloé akainua uso.

"Yaya, treni yangu."

"Itakuja nyingine." Clémentine alimkamata kifundo cha mkono. "Nawe onja kungoja."

Akafumba macho. Hakunong'ona, aliomba kwa sauti ya kusikiwa na jukwaa zima. "Bwana, huyu unamjua. Mpe mkataba wake. Mpe, kwa maana usipompa atarudi huku chini kuniombea tena, na mimi maombi yake nimeyachoka!"

"Amina!" akaitikia Pitchou.

"Sasa zamu yako," Clémentine akamwambia Chloé, bila kumwachia. "Toa hiyo breki. Hapahapa, nisikie."

"Bwana," Chloé akaanza polepole, machozi yakimlenga, "mpe yaya Clémentine chumba chake Yeoville."

"Lini?"

"Sasa, yaya. Sasa hivi."

"Usiniambie mimi. Mwambie Yeye."

Chloé akafumba macho, akamwambia. Milango ya treni ya dhahabu ikajifunga juu ya vichwa vyao, treni ikaenda zake Sandton, na Clémentine hakuuachia ule mkono mpaka aliposikia amina.