Kitabu Alichokikalia Zena

Bibi Biubwa alisikia kicheko chumbani, ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka ukamkwama vidoleni. Mwali hacheki peke yake. Mwali akicheka, ama pana mtu dirishani, ama pana jambo. Akazunguka nyuma ya nyumba polepole. Mchanga alioufagia asubuhi ulikuwa vilevile, hauna hata wayo wa kuku. Akarudi, akaingia chumbani bila hodi.

Mjukuu wake Zena alikaa mkekani, liwa ya kumng'arisha imemkauka mashavuni, kitabu kimoja magotini, kingine ubavuni. Alikuwa amewekwa ndani tangu alipovunja ungo, kama wasichana wote wa Msimbu, na vitabu aliletewa na binamu yake Mwanaasha kutoka kabati la shule, Kisarawe. Mlinzi wake alikuwa Biubwa, na siku ya kumtoa mwali nje ilikuwa ya Biubwa kuitaja. Jioni hiyo Shomari, baba yake Zena, angekuja kuiuliza, kwa kuwa watu wa mchumba huko Soga walikwisha kuchoka kungoja.

"Unamcheka nani, mke mwenzangu?"

"Huyu kijana wa kitabuni, bibi. Kaenda nchi ya majitu, kapita misitu na milima, hajatia kinywani hata kipande cha muhogo! Halafu akifika ana nguvu za kung'oa mlango wa mawe."

"Muongo huyo."

"Muongo mkubwa. Ila majitu yake nimeyapenda. Yanagombana kama wake wa mzee Matano."

Biubwa alitaka kucheka, akajikaza. "Na hicho kingine?"

"Cha jini aliyempenda binti mfalme. Hakifai. Jini zima linalia tu, kurasa kwa kurasa! Na binti mwenyewe hana neno ila 'utarudi lini, utarudi lini.' Nilitamani nimzabe kofi."

"Na hicho ulichokikalia?"

Zena alikitoa chini yake taratibu. "Hiki? Kizuri tu."

Vile viwili kavipepeta kama mchele, hiki "kizuri tu". Biubwa akakitwaa. Kilikuwa kimelegea pembe kwa kufunuliwafunuliwa. Herufi za kizungu hakuzijua. Yeye alisoma chuoni, Kurani na maandishi ya Kiarabu, lakini picha hazina mwalimu. Akakifungua kwa upande wa kulia, kama alivyofungua vitabu maisha yake yote, akazifuata picha. Msichana yuko mlangoni, furushi kichwani, uso nje. Kisha yuko uwanjani, anazungumza na mtu mwenye kichwa cha ndege. Kisha yuko jikoni anachochea moto, bibi kizee ubavuni pake.

Moyo ukamtulia. "Kumbe kasafiri, kaona maajabu, karudi kwa bibi yake. Kitabu cha adabu kabisa! Ulikificha kwa nini?"

Zena aligusa jalada kwa kidole. "Bibi, umekianza mwishoni. Hivi huanzia kushoto."

Biubwa akakigeuza. Jikoni, na bibi. Uwanjani, na yule ndege. Mlangoni, furushi kichwani. Baada ya hapo, jalada.

"Harudi?"

"Harudi. Anakwenda nchi ya huyo ndege, kufundishwa kuita mvua."

"Niambie kweli sasa. Umekionaje?"

"Nimekipenda chote, ila mwisho. Kaondoka bibi yake amelala, hakumuaga. Mwandishi anataka tumsifu. Mimi nimeona hana adabu."

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningeaga, bibi."

Mtoto hakusema asingekwenda.

"Uage uende wapi?"

"Shule ya kati. Mwanaasha anasema mwalimu bado ananiulizia."

"Ndiyo maana huyo mwalimu kakutumia vitabu, vikutoe humu!"

"Nilivichagua mwenyewe, bibi, kwa majina aliyonitajia Mwanaasha. Mwalimu hajui hata ni vitabu gani."

Nje Shomari akabisha hodi. Biubwa akatoka, kitabu bado mkononi, akasimama palepale kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Watu wa Soga wanataka siku."

Biubwa akamtazama mwanawe, kisha akakitazama kitabu. Akiitaja siku, mtoto ataagwa kwa ngoma, apelekwe Soga. Na huko Soga, usiku mmoja akijitwika furushi lake, nani atakayekuwa macho wa kuagwa?

"Waambie mwali bado."

"Bado nini, mama? Kanenepa, kang'aa!"

"Nani kamweka ndani, mimi au wewe? Nimesema bado. Na huyo mwalimu wa Kisarawe mwambie aje, nimtazame usoni. Simwamini."

Shomari aliguna, akaenda zake. Biubwa akarudi mkekani, akauvuta ukili wake.

"Haya, kisome. Anzia huko kwenu kushoto. Na ukifika mlangoni usinirukie hata neno moja, maana nimekwisha kupaona."