Miti Mitatu ya Shefu Donatien

Shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa, Donatien, alipomwita Fabien ofisini, jambo la kwanza alilouliza ni habari za mke wake.

— Na bibi? Eko muzima?

— Alikufa, shefu.

— Oh. Pole sana, papa Fabien. Mungu njo anajua.

Halafu akavuta kiti na kuanza kueleza mambo ya kiboko.

Fabien alibaki amesimama, kofia mkononi. Njiani alikuwa amejiandaa kusikia mambo mengi, lakini si hilo, kwamba huyu mtu hata hakumbuki. Micheline alianza kutoka damu siku ya Jumapili, watu wakitoka misa. Kartiye ilikuwa na pikapu moja iliyoletwa na mradi kwa ajili ya wagonjwa, imeandikwa hivyo ubavuni kwa rangi nyekundu, na ufunguo wake ulilala mfukoni mwa shefu. Jumapili ile pikapu ilikuwa imeenda Mahagi kubeba mabati ya nyumba mpya ya shefu. Fabien akampakia mke wake kwenye piki, katikati yake na dereva, akamshika kiunoni. Hawajafika hospitali, kichwa cha Micheline kikalala begani kwake na kuwa kizito. Dereva akauliza kama apunguze mwendo.

Wakubwa wetu ndivyo walivyo. Anakuzikisha mke, kisha anakuuliza habari zake.

Shefu alikuwa na shamba la mahindi kule chini ziwani, upande wa Tchomia. Kiboko mmoja dume alikuwa akitoka majini usiku, anakula, anakanyaga, na kukipambazuka anarudi. Mvuvi mmoja alikuwa ameshauawa naye. Donatien alikuwa amepata karatasi ya ruhusa na bunduki ya zamani, karabini. Mtu mwingine angemtuma mwindaji, mambo yakaisha. Lakini yeye alikuwa anatafuta kupandishwa cheo, na alitaka wakubwa wa mjini wamuone kwa macho yao, bunduki mkononi, anaokoa raia.

— Banasema kule kwenu Djugu weye ulikuwa unaangusha mbogo, alisema. Nifundishe. Mukono yangu inatetemeka kidogo.

— Mukono ya kila mutu inatetemeka, shefu. Njo maana tunatumia miti.

Ufundi ulimtoka mdomoni bila yeye kufikiri. Wazo lenyewe lilimjia baadaye, akirudi kambini kwa wakimbizi wenzake, na lilipomjia alipunguza mwendo ili lisimwagike.

Miti ya kupigia ni mitatu. Inafungwa pamoja karibu na kichwa kwa ukanda wa mpira wa tairi, chini inapanuka kama mguu wa kuku, na juu inaacha panda ya kulaza bunduki. Lakini kinacholazwa pale ni ubao, ule unaokaa chini ya mtutu, na mkono wa kushoto unakuwa katikati kama mto. Mtutu wenyewe usiguse kitu. Chuma kitupu kikilala juu ya mti mkavu, risasi ikitoka kinaruka, na risasi inapita juu ya pale ulipolenga. Ukiwa karibu huoni tofauti. Ukiwa mbali, ni kiganja kizima. Na kiboko akiwa nchi kavu, mahali pa kumwangusha papo hapo, kati ya jicho na sikio, hapafiki kiganja. Ukipita juu umemkasirisha tu. Na ukiwa umesimama kati yake na maji, yeye hatafuti njia nyingine.

Basi Fabien akamfundisha shefu kila kitu vizuri, isipokuwa hicho kimoja.

Walifanyia mazoezi kwenye shimo la zamani la matofali, barabara ya Iga Barrière.

— Panua miguu. Kifua iende mbele, usirudie nyuma kama mutu anaona nyoka. Kanyaga miti ishike udongo.

— Hivi?

— Hivi. Sasa laza muchuma mu panda.

— Muchuma yenyewe?

— Yenyewe. Mukono ya kushoto ishike miti.

— Na kiwiko ya kuume? Inaning'inia.

— Weka ku bega yangu.

Maana ndivyo inavyofanyika. Mwenzako anasimama ubavuni na kukupa bega, ili nyuma ya bunduki nako kupate pa kutulia. Donatien akaweka kiwiko chake pale. Alikuwa ananukia sabuni nzuri. Fabien alitazama mbele na kuacha uzito ule uingie mfupani, mahali palipokuwa na kichwa cha Micheline.

— Toa pumzi nusu. Usivute kidole, binya. Sawa vile mama anabinya avoka ku soko aone kama imeiva, muuzaji asimuone.

Shefu alicheka hadi miti ikatikisika.

— Papa Fabien, weye ungekuwa profesa.

— Hata masomo ya primere sikumaliza, shefu.

Fabien akasema risasi ni chache, heri wasogee karibu na shabaha. Kwa umbali ule hata kipofu angetoboa kifuniko cha sufuria, na Donatien alikitoboa. Akakichukua kwenda kuwaonyesha ofisini.

Kambini, Léonie alikuwa anamngojea na maneno. Léonie ni mdogo wake Micheline, na baba yao ndiye aliyemfundisha Fabien kuwinda, kabla hata hajamwoza binti.

— Shemeji, mashavu inaanza kunenepa. Banasema uko mwalimu ya shefu.

— Ninafanya kazi.

— Kazi. Yaya yangu Micheline akiamuka leo, atakuta bwana yake anabebea Donatien miti.

— Léonie.

— Sikatazi. Beba. Akichoka, mubebe na yeye mwenyewe ku mugongo.

Fabien aliingia ndani ya turubai na kulala na njaa. Kumwambia kungekuwa kutamu, lakini kambini turubai na turubai zinagusana, na neno likisemwa hapa linaitikiwa kule.

Siku yenyewe walifika shambani ukungu ungali juu ya maji. Wageni wa shefu, wale wakubwa wa mjini, walibaki mbali kwenye kilima, simu zimeinuliwa. Fabien alichagua mahali kwa makini. Alisimika miti kwenye njia ya kiboko, maji yakiwa nyuma yao, akampanga shefu hapo na kumwambia upepo unafaa. Ilikuwa kweli upepo unafaa. Yeye mwenyewe alisimama ubavuni, bega tayari. Alijua kiboko hachagui nani ni shefu. Hilo alikuwa amelimaliza moyoni.

Kiboko akatoka kwenye mahindi kule mbali, mkubwa, hana haraka, anatafuna. Akawaona. Akasimama na kugeuza kichwa.

— Sasa, Fabien alinong'ona. Binya.

Mlio ulipasuka. Kiboko alipiga magoti ya mbele, halafu akaanguka mwili wote kama ukuta, na hakujitikisa tena.

Kule kilimani watu walipiga kelele. Fabien alienda hadi kwenye kile kichwa na kuinama. Tundu lilikuwa kati ya jicho na sikio. Mahali penyewe. Alilitazama kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta watu wengine wanakula.

Wageni waliposhuka, Donatien alitaka apige tena, ili picha itoke na moto. Akalaza mtutu kwenye panda, akalenga mzoga, na kwa furaha akasahau kuingiza risasi nyingine. Kidole kikabinya. Tik. Hakuna mlio. Lakini Fabien aliona. Ncha ya bunduki iliinama chini kwa nguvu, kama mtu anayeitikia salamu ya mkubwa.

Hapo akaelewa. Donatien aliogopa mlio. Kabla bunduki haijalia, mwili wake ulikuwa umekwisha kuikimbia, na mikono ikaisukuma chini. Uongo wa Fabien ulipandisha risasi kiganja kimoja, uoga wa shefu ukaishusha kiganja kimoja, na makosa mawili yakakutana kichwani mwa kiboko.

— Huyu njo mwalimu yangu, Donatien aliwaambia wakubwa, na akamkumbatia mbele ya simu zote.

Jioni, paja la kiboko lililetwa hadi mlangoni kwa Fabien. Liliteremshwa kutoka kwenye pikapu ya wagonjwa. Watu wa kambi walisimama kutazama. Léonie alisoma yale maandishi mekundu, akatazama nyama, akamtazama shemeji yake.

— Kumbe hii gari inajua njia ya hapa, alisema.

Hakuigusa ile nyama. Wengine waliila, maana njaa haina aibu, ila hakuna aliyemwambia Fabien asante.

Siku tatu Léonie hakumsemesha. Ya nne alikuja mwenyewe, akakaa juu ya kidumu cha maji, sauti yake chini.

— Nimeona foto. Iko inazunguka ku simu ya batu yote.

— Eh.

— Muchuma iko juu ya muti.

Fabien aliendelea kukata ukanda wa mpira.

— Baba alikuwa anatuchapa juu ya ile, Léonie alisema. Hata tukiwa tunacheza na fimbo. Weye mwenyewe alikuchapa, nilikuwa ninachungulia. Huwezi kusahau.

— Sikusahau.

Mtoto wa jirani alilia, akanyamazishwa.

— Basi kwa nini ile kiboko ilikufa?

Fabien akamweleza kuhusu uoga wa shefu, na jinsi ncha ilivyoinama. Léonie alisikiliza mikono katikati ya magoti.

— Sasa anataka mbogo, Fabien alisema. Banamucheka ati kiboko ni munyama ya kulala tu. Kuna dume moja, ya peke yake, nyuma ya mashamba ya kwetu. Ananiambia nimufundishe tena.

— Na weye utasimama wapi?

— Pale pale. Kiwiko yake inaomba bega.

— Shemeji.

— Nani mwingine atasimama? Nimutume mutoto ya mutu?

Léonie alichukua ukanda wa mpira kutoka mikononi mwake, akauvuta kuona kama una nguvu, akamrudishia.

Kesho yake, kwenye shimo la matofali, Fabien alimwambia Donatien kwamba amebakiwa na kosa moja tu. Akamweleza ukweli kwamba anaogopa mlio, na kwamba hata askari wakubwa wana ugonjwa huo. Shefu aliona haya kidogo, lakini alitaka mbogo. Tangu siku hiyo ni Fabien aliyemjazia karabini akiwa amemgeuzia mgongo. Mara anaweka risasi, mara haweki, na shefu hajui. Bunduki ikikataa kulia, wote wawili wanaona ncha inavyoinama. Mwanzoni iliinama sana. Halafu kidogo. Fabien alikuwa na subira kama ya mtu anayemfundisha mtoto wake. Alimshika kidole. Alimpanga miguu. Alimhesabia pumzi.

Mwishoni alichukua kifuniko cha chupa ya bia, akakiweka juu ya mtutu, karibu na ncha.

— Kikianguka, bado.

Donatien aliegemea miti, kiwiko begani, chuma kitupu kimelala juu ya mti mkavu. Akatoa pumzi nusu. Akabinya avoka. Tik.

Kifuniko hakikutikisika.

— Umeona? shefu alinong'ona, kama mtoto. Umeona, papa Fabien?

— Nimeona.

— Sasa niko bien?

— Uko bien, shefu. Sasa risasi itaenda pale pale nilikufundisha.

Donatien aliondoa kiwiko, akampiga bega mara mbili kwa upendo, akauliza mbogo wanamfuata lini. Fabien alikuwa ameinama anaikunja miti. Alisema Alhamisi, mvua isiponyesha.