Kitenge cha Jaji Mpya

Gelasius hakuwa mtu wa foleni, lakini asubuhi ile alisimama kwenye foleni ya walinzi wa mahakama bila kunung'unika. Kwapani alibana kitenge kipya, kimefungwa kwa karatasi ya zawadi.

Mwanawe Gaël alikuwa jela. Rafiki alimwachia begi, ndani yake mlikuwa na bastola, na polisi wakaikuta chini ya kitanda chake, pale kwao Flemingdon Park, mtaa wao huku ughaibuni. Hakuwa na kosa lingine. Jaji wa kwanza alisema wazi angempa mwaka mmoja, ila sheria mpya ya bunduki ilikataa chochote chini ya mitatu. Sasa rufaa iliuliza kama sheria yenyewe ni halali. Majaji watatu wangejibu, na mmoja wao alikuwa ameteuliwa majuzi tu, na serikali ile ile iliyotunga sheria.

"Tulikimbia bunduki, yeye akailaza chini ya kitanda," mkewe Généreuse alisema. "Lakini miaka mitatu, Baba Gaël, atatoka mtu gani?"

Kwao Uvira, kabla hawajakimbia vita, jaji mpya akifika, watu walikwenda kumpokea na zawadi. Huombi kitu. Unamwonyesha uso tu, asije akakuhukumu kama mgeni. Ndiyo maana Gelasius alinunua kitenge.

Wakili wao, Zahira, mwanamke wa Kiismaili mzaliwa wa Mwanza, alimkuta mlangoni.

"Baba Gaël, hiyo nini?"

"Ya jaji mpya. Nampongeza kwa cheo."

Zahira alishtuka kama aliyeona nyoka sebuleni. "Umemwonyesha karani?"

"Bado."

"Alhamdulillah. Lete hapa."

"Maître," Gelasius akasema, kwa jina la heshima wanaloitwa mawakili kwao, "ni adabu tu! Mtu kapata kazi kubwa, nimpite kama mti?"

"Mpite kama mti! Akijua umemletea hata leso, itabidi ajitoe kwenye kesi."

"Ajitoe basi! Si mtu wa serikali huyo?"

"Nani kakwambia? Wamemteua, ndiyo, ila hawawezi kumfukuza kwa hukumu wasiyoipenda." Akashusha sauti. "Sikufichi, hata mimi naogopa. Wakiteua kumi wenye mawazo yale yale, kesi za bunduki zitaegemea upande mmoja miaka thelathini. Lakini huyu hatujamjua bado."

Gelasius akatoa kitenge kama mtu anayeng'olewa jino.

Ndani, jaji mpya hakutabasamu hata mara moja. Aliuliza maswali mafupi na kuandika sana. Gelasius alielewa nusu, na hiyo nusu haikumpa usingizi kwa miezi minne.

Hukumu ilipotoka, Zahira alimpigia simu kazini kwake, kwenye kiwanda cha mikate.

"Wawili kwa mmoja. Ile miaka mitatu ya lazima imefutwa. Mwaka aliostahili ameshaumaliza, Gaël anatoka Ijumaa."

Gelasius akaketi juu ya gunia la unga. "Aliyekataa ni yule mpya?"

"Aliyekataa ni yule jaji mzee tuliyemtegemea. Yule mpya ndiye aliyeandika hukumu. Kurasa arobaini."

Gelasius akaikumbuka ile foleni. Siku ile dirisha la karani lilikuwa hatua sita mbele yake. Sita tu, na jaji huyo angejitoa.

"Maître," akasema, "sasa je? Nimpelekee kile kitenge?"

"Baba Gaël!"

"Asante tu!"

"Hata asante. Kimelala kwenye droo yangu. Njoo ukichukue, mama Gaël amshonee mwanawe shati la kutokea jela."

Jioni Généreuse alikitandaza mezani, akashika mkasi, asikate.

"Miezi kumi na minne," alisema. "Kipimo chake nakijua tena mimi?"

"Kata kikubwa," Gelasius akasema. "Atanenepa."