Aliyoyasema Cliff Sebuleni

Kwenye taarifa ya polisi kulikuwa na ng'ombe. Alikatiza barabara ya Busia pale Kisian saa kumi jioni, dereva wa gari la serikali akamkwepa, na gari likamgonga Dorca aliyekuwa kando ya barabara akinunua ndizi. Dorca, aliyefundisha hesabu Maseno kwa miaka thelathini na mmoja, hakuona ng'ombe yeyote. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti. Wakili wake alimweleza wazi: ng'ombe akibaki kwenye kesi, serikali haitalipa fidia, na bila fidia hakuna mguu wa bandia.

Dereva, Cliff, alikuwa amekwisha kusema ukweli. Aliusema Alhamisi moja sebuleni kwa Dorca, mbele ya walokole tisa. Kikundi kilikutana hapo tangu Dorca atoke hospitalini, ili asihangaike na magongo. Desturi yao ilikuwa ya miaka mingi: anayetubu husimama, hutaja dhambi yake, wenzake huimba, na dhambi hiyo haitajwi tena. Cliff alisema alikunywa chang'aa tangu saa sita mchana, na kwamba ng'ombe alimtunga akiwa kituo cha polisi. Waliimba. Dorca alimpa mkono, akamwambia amemsamehe. Alimaanisha.

Wiki mbili kabla ya kesi alimwendea Debra, karani wa kikundi na rafiki yake tangu chuo cha ualimu. Alimkuta akipepeta mchele wa Ahero.

"Umekuja na magongo mpaka huku? Si ungepiga simu nije, nyaminwa, dada yangu?"

"Simu ungeikata."

Debra alicheka. "Haya, Mwalimu, toa mtihani wako."

"Nataka uje kortini useme ulichosikia."

Ungo ulitulia. "Hiyo imeoshwa, Dorca. Haitajwi."

"Ninayemdai ni serikali, si Cliff."

"Na serikali itamfuta nani kazi? Waziri?" Debra alirudia kupepeta. "Ana watoto wanne. Halafu nani atasimama atubu tena, akijua sebule yako inasikiliza kwa niaba ya hakimu?"

"Na mguu wangu?"

"Usinifanyie hesabu hapa. Siwezi."

Dorca alimwendea Enos. Enos alidai kwamba siku ile alisinzia, ingawa ndiye aliyeanzisha wimbo. Wengine saba hawakuhitaji hata kudanganya; walitikisa kichwa tu.

Katika korti ya Kisumu alitoa ushahidi peke yake. Wakili wa serikali alikuwa kijana mwenye adabu.

"Mama, ulimsamehe dereva?"

"Ndiyo."

"Kwa moyo wote?"

"Ndiyo."

"Sasa hapa tunatafuta nini?"

"Mguu."

Watu walicheka, hakimu akawanyamazisha. Dorca aliendelea. "Nilimsamehe kwa kulewa. Sikukubali kwamba kulikuwa na ng'ombe."

Cliff alipopanda kizimbani, wakili wa Dorca alimwuliza swali moja: ng'ombe alikuwa wa rangi gani? Cliff aliangalia mikono yake. Hakimu alimsubiri, akarudia swali, kisha akaandika kwamba shahidi hakujibu.

Hukumu ilikuwa ya kurasa sita na ng'ombe hakuwamo. Serikali iliamriwa kulipa. Juma hilohilo Cliff alisimamishwa kazi. Dorca alimpigia Debra simu.

"Hongera, Mwalimu."

"Alhamisi mnakuja?"

"Tutakuwa kwa Enos."

"Kwa Enos kuna ngazi."

"Ndiyo," Debra alisema. "Kuna ngazi."

Fidia ilitoka baada ya miezi kumi na minne. Muda wote huo hakuna aliyebisha hodi siku ya Alhamisi. Fundi wa viungo bandia alipima kigutu mara tatu, akamvalisha mguu, akamwonyesha mikanda.

"Mwezi wa kwanza ni vigumu kuifunga peke yako," alisema. "Mtu wa nyumbani ndiye huishika huku nyuma. Utakuja na nani nimfundishe?"

Dorca aliifungua mikanda yote, akaiweka mapajani.

"Nifundishe mimi," alisema. "Pole pole."